Siku ya Utamaduni Chuoni: Tuulize Kwanza, Kisha Tuamue

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, sahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Imekuwa ada katika vyuo vikuu vyetu vya Kenya, na vya nchi jirani pia, kutenga siku moja au juma zima katika mwaka kwa ajili ya utamaduni. Wanafunzi hujigawa kwa makabila na maeneo wanayotoka. Kila kundi hujenga kibanda chake uwanjani, likapika chakula cha kwao, likavaa vazi la kwao, na jioni likapanda jukwaani kuonyesha ngoma ya kwao. Wanafunzi wageni kutoka Somalia, Sudan, Rwanda au Komoro nao huonyesha ya kwao. Wakuu wa chuo huja kutazama, hotuba zikatolewa, na kundi lililopendeza kushinda mengine likatunzwa.

Mama mmoja wa Malindi ametuandikia barua juu ya jambo hili. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha bara. Kundi la wanafunzi wa Pwani limemteua, yeye na wenziwe sita, wacheze chakacha usiku wa kilele, ukumbini, mbele ya wanafunzi na wahadhiri, wanaume kwa wanawake. Alipokataa aliulizwa: "Kwani wewe si Mpwani? Au waona haya na asili yako?" Binti alimpigia mamake simu huku akilia. Mama huyu atuuliza mambo mawili. Kwanza, je, mwanawe amekosa kukataa? Pili, je, amwamrishe asitoke chumbani mwake juma zima hadi sherehe hizo zishe?

Tumeona tulijibu swali hili hadharani, kwa kuwa twajua si la mama huyu peke yake. Wazazi wengi Waislamu wana watoto vyuoni, na wengi wao wamepatwa na kisa kama hiki au kitawapata. Jawabu letu kwa ufupi ni hili: binti hakukosa kuikataa ngoma ile, na wala haifai kumfungia chumbani. Tuna sababu zetu kwa yote mawili.

Kwanza natutazame dini yetu yaichukuliaje tofauti ya watu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu atukumbusha kwamba ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele Yake ni yule mchaji zaidi. Katika Suratur Rum, aya ya 22, aitaja tofauti ya ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, na aya hiyo yamalizika kwa kuwataja wenye elimu. Basi ni nani mwenye haki zaidi ya kuizingatia ishara hii kuliko kijana aliyepelekwa chuoni kutafuta elimu? Kuwapo kwa Mkamba, Mturkana, Mdigo na Msomali katika bweni moja si ajali wala si balaa. Ni ishara ya Muumba, na makusudio yake yameshatajwa, nayo ni kujuana. Wala watu hawajuani kwa kufungiana milango.

Mwenendo wa Mtume wetu (SAW) wathibitisha hayo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao zao ndani ya msikiti wa Mtume, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha (RA) ili apate kuwatazama hadi alipotosheka mwenyewe. Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia, Mtume aliwaacha waendelee. Huo ulikuwa ni mchezo wa watu wa taifa jingine, kwa namna ya kwao, na mahali palikuwa ni msikiti wenyewe.

Si hilo tu. Mtume (SAW) alivaa juba lililotoka Sham. Alipoambiwa kwamba wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri, alitengenezesha pete ya fedha yenye muhuri. Alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na Zaid akajifunza kwa siku chache. Wakati Madina ilipozingirwa, lilichimbwa handaki, mbinu ya vita ya Waajemi ambayo Waarabu hawakuizoea, na wanahistoria wa Sira wasimulia kuwa aliyeitaja ni Salman Al-Farisi (RA). Na alipoandaliwa nyama ya kenge wa jangwani, hakula. Khalid bin Walid alipomuuliza kama ni haramu, alijibu kuwa si haramu, ila si chakula cha nchi ya watu wake, na nafsi yake haikukipenda. Khalid akala na Mtume akimtazama. Tuyapime mafunzo ya tukio hili dogo. Mtume hakujilazimisha kula, hakumkataza mwenziwe kula, wala hakukidharau chakula cha watu. Lau wanafunzi wetu wangalishika adabu hii moja tu katika vibanda vya vyakula, sherehe zile zingekuwa na heri nyingi.

Baada ya kusema hayo, yatupasa tuseme na upande wa pili, kwani haki haigawanywi. Si kila kilichorithiwa ni kizuri. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 170, yawalaumu wale walioitwa kwenye uongofu wakajibu kwamba wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba zao hawakuwa wakifahamu kitu. Neno "mila" au "asili" haliligeuzi la haramu likawa la halali. Kama katika kibanda fulani pombe ya kienyeji yagawiwa kwa jina la utamaduni, iwe mnazi, busaa au muratina, pombe haibadiliki hukumu yake kwa kutiwa ndani ya kibuyu. Kama yafanyika matambiko ya kweli ya kuomba mizimu, Muislamu hana nafasi hapo. Na kama vazi laacha wazi kile ambacho dini imeamrisha kisitiriwe, basi halivaliki, hata likiwa ndilo walilolivaa mababu.

Kwa hivyo mtu ataamuaje? Twaona kisa kimoja kilichopokewa na Abu Daud chatosha kuwa dira. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Akamjia Mtume (SAW) kumuuliza. Mtume hakumjibu ndiyo wala la, bali alianza kwa kuuliza yeye: je, mahali hapo palikuwa na sanamu miongoni mwa masanamu ya zama za ujahiliya likiabudiwa? Akaambiwa hapana. Akauliza tena: je, palikuwapo sikukuu miongoni mwa sikukuu zao? Akaambiwa hapana. Ndipo alipomwambia mtu yule atekeleze nadhiri yake.

Ndugu zetu, utazameni utaratibu huo. Maswali yalitangulia, na hukumu ikafuata. Nasi siku hizi twafanya kinyume. Mzazi husikia neno "utamaduni" tu, akapiga simu na kukataza. Kijana naye husikia neno hilo hilo, akaingia kichwa mbele bila kuuliza lolote. Wote wawili wameuacha mwenendo wa Mtume, mmoja kwa ukali na wa pili kwa ulegevu. Mwanafunzi Muislamu na ajiulize: Je, hapa paabudiwa asiyekuwa Allah? Je, hii ni ibada au sikukuu ya dini nyingine niliyovishwa jina la utamaduni? Je, nitalazimika kula, kunywa, kuvaa au kutenda lililoharamishwa? Je, swala yangu itapotea? Likiwa jawabu la yote ni hapana, amezuiwa na nini kwenda, kuonyesha na kujifunza? Likiwa jawabu la mojawapo ni ndiyo, na aliepuke hilo moja na abaki na mengine yaliyo salama, kama yaweza kutenganishwa.

Wako watakaotukumbusha Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kwamba mwenye kujifananisha na watu basi yeye ni katika wao. Hadithi hiyo twaikubali na kuiheshimu. Lakini wanachuoni wengi wameieleza kuwa yahusu kujifananisha na watu katika mambo yaliyo mahsusi ya dini yao au yaliyo alama ya uovu wao. Lau ingalihusu kila vazi na kila chakula, tusingalipata maelezo ya juba la Sham. Ama suala la ala za muziki, khitilafu ya wanachuoni ndani yake ni ya zamani na yajulikana. Sisi hatutaimaliza katika ukurasa huu. Kila familia na irejee kwa sheikh inayemwamini, wala asiwepo wa kumtukana mwenziwe kwa hilo.

Sasa turudi kwa binti wa Malindi na chakacha yake. Waliomshutumu kwamba aionea haya asili yake hawaijui asili hiyo. Chakacha kwa asili yake ni ngoma ya wanawake. Mahali pake palikuwa arusini, ndani ya ua, wanawake kwa wanawake, na mwanamume hakuruhusiwa kuchungulia. Mdundo wake ulikuja kuchukuliwa na bendi, ukapigwa katika mahoteli mbele ya watalii, na hapo ndipo wengi wasio wa Pwani walipoijulia. Kwa hivyo anayemtaka binti wa Kiislamu aicheze jukwaani mbele ya wanaume hamtaki aonyeshe utamaduni wa Waswahili. Amtaka aonyeshe kile kilichofanywa hotelini kutokana na utamaduni huo. Binti huyu, kwa kukataa kwake, ndiye aliyeihifadhi mila ya bibi zake. Dini na turathi hapa zimesimama upande mmoja.

Na si dini na turathi tu, hata sheria ya nchi iko upande wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa ni msingi wa taifa. Lakini katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 44, yakataza mtu kumlazimisha mwenziwe kutekeleza mila au desturi yoyote. Na kifungu cha 32 chasema kuwa mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani au dini yake. Mwanafunzi na ayajue haya, si ili agombane, bali ili aseme kwa utulivu. Twamshauri binti yetu awaendee viongozi wa kundi lake mapema, wala asingoje usiku wenyewe, awaambie kwa adabu: "Chakacha sitacheza, na sababu yangu ni hii. Lakini nina kitu kingine cha kuleta." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anayekataa bila kuleta badala yake huonekana mkaidi. Anayekataa mkononi ana kitu bora huwa amefundisha.

Na tunacho cha kuleta, tena tele. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alifika Mombasa akalala usiku mmoja, kisha Kilwa, na akaandika juu ya watu wa dini na misikiti iliyojengwa vizuri. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya kufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Gede mwaka 2024. Hii ni miji iliyojengwa na watu waliosali swala tano. Je, mwanafunzi wetu ayajua haya kiasi cha kumsimulia mwenziwe wa Kericho au wa Kisii mbele ya kibanda?

Na alete fani za mikono: nakshi za milango ya Lamu, kofia za vito zinazodarizwa kwa majuma mengi, kazi ya ngozi na miswada ya Qur'ani iliyopambwa ya Siyu. Na alete habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kikasafiri baharini. Wavulana wakitaka mchezo, lipo goma la Lamu, wanaume wamevaa kanzu na kushika bakora, wakienda kwa mwendo wa pole, na kiko kirumbizi, mchezo wa fimbo unaomkumbusha mtu Wahabeshi wa msikitini Madina. Wasichana wanaweza kueleza habari za Mwana Kupona, mwanamke aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mnamo mwaka 1858, wakati ambapo wengi hudhani mwanamke wa Pwani hakujua kalamu. Wanaweza kuchora hina katika chumba cha wanawake, kwa wanawake. Wanaweza kuandika majina ya wageni kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika Kiswahili wazee wetu kwa karne nyingi. Miswada ya hati hizo imehifadhiwa kwa wingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine iko London katika chuo cha SOAS. Ni aibu kwamba Mzungu afunga safari kuja kuisoma, na kijana wetu hajui kuwa ipo. Na tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021. Hiyo ni fursa nyingine iliyo mlangoni mwetu.

Lakini tutahadhari tusije tukadhani kwamba Uislamu wa Kenya ni wa Pwani pekee. Wako Waislamu Wasomali na Waborana, Wadigo na Wapokomo, Waluhya wa Mumias, Wanubi wa Kibera ambao wazee wao walitoka Sudan wakiwa askari, na Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Mwanafunzi Muislamu anayesimama katika kibanda cha Waluhya, amejisitiri, akieleza mila njema za kwao, awafundisha watu jambo ambalo hotuba kumi hazifundishi: kwamba dini hii si ya kabila moja. Basi vyama vya wanafunzi Waislamu visiwakusanye wote katika kibanda kimoja cha pilau na tende vikadhani kazi imekwisha.

Hapa pana ugonjwa mwingine ambao lazima tuutaje, nao ni kujifaharisha kwa ukabila. Juma la utamaduni laweza kuanza kwa kuonyeshana na kuishia kwa kudharauliana. Imepokewa kwamba katika safari moja mtu wa Muhajirina alimpiga mtu wa Ansari, na kila mmoja akawaita watu wake wamsaidie. Mtume (SAW) aliuliza vipi kuhusu wito huo wa kijahiliya, akawaamrisha wauache kwa kuwa ni jambo linalonuka. Na tuzingatie kwamba Muhajirina na Ansari ni majina matukufu, Qur'ani yenyewe imeyasifu. Lakini jina tukufu nalo, likitumiwa kuwagombanisha watu, hunuka. Abu Dharr (RA), kwa utukufu wake wote, alipomtia mtu aibu kwa sababu ya mamake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake bado kuna ujahiliya. Sasa kijana anayecheka lafudhi ya mwenziwe, au anayemwita mwenziwe kwa jina la dharau kwa sababu ya kabila au rangi yake, ajiulize kama amemwelewa Mtume anayemswalia.

Msituone twakuza jambo dogo. Nchi hii imeshaona ukabila wafika wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na majirani wa miaka mingi wakachomeana nyumba. Na tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwabagua vijana kwa dini zao kabla ya kuwapiga risasi. Waliofanya unyama ule walidai kuutetea Uislamu, na Uislamu uko mbali nao. Tangu siku ile, kila mwanafunzi Muislamu anayeingia bwenini amebeba mzigo asioustahili: mwenziwe wa chumba ambaye hajapata kuishi na Muislamu humtazama kwa wasiwasi. Wasiwasi huo hauondolewi na taarifa magazetini. Huondolewa na mtu kumjua mtu, wakala pamoja, wakaulizana maswali na kucheka. Kama kuna siku moja katika mwaka ambapo mwanafunzi wa Kikristo kutoka Nyeri atakuja kwa hiari yake kwenye kibanda cha Muislamu akiuliza, "Hii ni nini, na maana yake ni nini?", ni hasara iliyoje kumkuta Muislamu huyo amejifungia chumbani!

Ndiyo maana tukasema mama asimfungie binti yake. Tukikosekana sisi, hakitabaki kibanda kitupu. Atakuja mwingine atueleze kwa niaba yetu, avae buibui kama vazi la mchezo wa kuigiza, acheze chakacha ya hotelini, na watu watasema: hao ndio Waislamu wa Pwani.

Tumalizie kwa nasaha chache. Kwa wazazi: zungumzeni na watoto wenu kabla hawajaondoka nyumbani. Kijana asiyeijua historia ya mji wake hawezi kuieleza ugenini. Mkalisheni na bibi yake, amsimulie. Na akiwapigia simu akiwa katika dhiki, mwulizeni kwanza kama alivyouliza Mtume, kisha mshaurini.

Kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi Waislamu: ingieni katika kamati za maandalizi tangu mwanzo. Anayekuja siku ya sherehe kulalamika amechelewa. Ombeni mapema kwamba hotuba kuu na gwaride visiwekwe saa ya swala ya Ijumaa, kwamba sherehe zisigongane na usiku za kumi la mwisho la Ramadhani, kwamba nyama iliyochinjwa kwa halali itengwe na kuwekewa alama, na kwamba wapatiwe pahala pa kuswalia. Tembeleeni vibanda vya wenzenu kabla ya kuwangoja waje kwenu, kwani mgeni hualikwa na aliyemtembelea.

Kwa wakuu wa vyuo: mgawanye wanafunzi kwa namna isiyowalazimisha kushindana kikabila kama timu za kandanda. Wala msiwaachie viongozi wa makundi wawashurutishe wenzao kucheza au kuvaa wasichokitaka. Mwanafunzi aliyekuja kusoma asiondoke akihisi kwamba ili akubaliwe kuwa Mkenya ilimlazimu aache haya yake.

Na kwako wewe mama yetu wa Malindi: mwambie binti yako kwamba machozi yake ni dalili ya imani, na imani ikiwa na ujuzi haihitaji machozi tena. Amwendee kiongozi wa kundi lake kesho. Achukue kofia ya babu yake, kalamu ya mwanzi, na habari za bibi wa Pate aliyemtungia bintiye wasia. Asimame kibandani amejisitiri, na uso wake uwe mkunjufu. Na atakapoulizwa tena kama yeye si Mpwani, ajibu kwamba ni Mpwani, na Pwani yenyewe ndiyo iliyomfunza kuicheza ngoma hiyo mbele ya wanawake wenziwe tu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali na nyumbani, awazidishie elimu yenye manufaa, awapambe kwa haya na ushujaa, na aziunganishe nyoyo za watu wa nchi hii katika mema. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.